Jiwe la kilo 5 lililosoma 8

Mjomba aliweka jiwe la kilo 5 juu ya mizani niliyomtengenezea mwenyewe, taa zikaandika 08002, yaani kilo 8 na gramu 2. Akalitoa akalirudisha, zikaandika 08001. Hakusema kitu, alilinyanyua tu lile jiwe akalipima kwa mkono kama mtu anavyopima embe sokoni, afu akaniuliza taratibu, "Mjomba, hii umeijaribu na nini?" Nikamwambia nimeijaribu na jiwe la kilo 1 na la kilo 2, na yote yamesoma safi. Na ni kweli yalisoma safi, nilikaa nayo wiki nzima mezani, 01002, 02001, 01003, nikaridhika kabisa, nikapanda daladala nayo hadi Tandika kwenye stoo yake. Akaongeza jiwe la kilo 1 juu ya lile la 5, ikasoma 9. Akatoa la 1 akaweka la 2, hapo ilitakiwa isome 7, ile tarakimu ya kilo ikazimika kabisa, pakabaki peusi, zile nyingine zinawaka kama kawaida.

Nataka niandike kisa hiki kizima maana ndani yake kuna kitu ambacho nilifundishwa chuo kwa mstari mmoja tu, nikakikariri, nikajibu nacho mtihani, na sikukielewa mpaka siku ile niliyosimama kwenye stoo yenye vumbi la unga. Kitu chenyewe ni namna saketi inavyogeuza namba za binari, zile za moja na sifuri tu, kuwa tarakimu tunazosoma sisi, hizi 0 mpaka 9.

Kwanza nieleze mizani yenyewe. Mjomba anafungasha unga na mchele kwenye pakiti stooni, na alitaka kitu cha kuhakiki pakiti kabla hazijatoka. Sio mizani ya kuuzia, hiyo lazima ikaguliwe na Wakala wa Vipimo igongwe muhuri, hii ni ya ndani tu. Nilitumia sensa ya uzito ya kilo 20 na chipu ya HX711 inayosoma ile sensa na kutoa namba ya biti 24, yaani moja na sifuri 24 kwa mstari, mara 10 kwa sekunde. Hiyo namba inaingia kwenye bodi ndogo ya FPGA, ile iCE40HX1K, chipu ambayo haina programu ndani, wewe ndo unaamua waya zake za ndani ziungane vipi, kwaiyo unakuwa unajenga saketi yenyewe na sio kuandika maelekezo ya kompyuta. Humo natoa uzito wa sahani, nakokotoa gramu, nabaki na namba ya biti 15 inayotosha kubeba hadi 20,000. Mwisho kuna taa tano za vipande saba, zile za kuandika tarakimu kama kwenye kalkuleta, kila moja na chipu yake ya 4511 niliyonunua Kariakoo, ambayo we unaipa tarakimu kwa biti nne, yenyewe inawasha vipande vinavyotakiwa.

Sasa hapo katikati ndo pana mto wa kuvuka. Upande huu una gramu kwa biti 15, zote moja na sifuri, upande ule unatakiwa uwe na tarakimu tano zilizosimama kila moja peke yake. Binari haijui kama kuna mamia wala makumi. Ukizigawa hizo biti nne nne ukazipeleka kwenye taa hivo hivo, gramu 165 inakuwa A5, A ikiwa ni 10 kwenye biti nne, na hiyo A wala 4511 haiijui, inazima taa. Na hata ingeionyesha, nani stooni anasoma uzito wa A5?

Jibu la haraka kila mtu analijua, gawanya kwa 10, baki ndo tarakimu ya mwisho, gawanya tena, baki ndo inayofuata, endelea. Kwenye simu au kompyuta hilo ni sawa kabisa. Kwenye saketi kugawanya ni ngazi ndefu ya vitoaji, toa, angalia kama imetosha, shusha biti, toa tena, na kila ngazi inakula nafasi kwenye chipu. Mi niliandika ile hesabu ya kugawanya na kuchukua baki kwa tarakimu zote tano kwa mkupuo, softiwea ya kupanga saketi ikafanya kazi muda mrefu, afu ikaniambia haitoshei. Chipu ile ina seli za mantiki, yaani vijisaketi vidogo vya kujengea, 1,280 tu na haina kizidishi hata kimoja. Saketi ya kuonyesha namba ilikuwa imekuwa kubwa kuliko saketi yote ya kupima, na hiyo haikunikaa sawa.

Ndo nikarudi kwenye daftari la chuo. Pale paliandikwa hivi: shifti (sogeza) kushoto biti moja, kila tarakimu iliyofika 5 au zaidi iongeze 3, rudia. Kwa Kizungu inaitwa double dabble. Mstari mmoja, basi, hamna kwa nini. Kwa nini 3? Kwa nini 5? Mwalimu wetu alisema mtaona inafanya kazi, na kweli kwenye karatasi ilifanya kazi.

Aliyenisaidia kuelewa ni bibi yangu aliyekulia Pangani, na hajui kama alinisaidia. Enzi zake nafaka ilikuwa inapimwa kwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, visaga viwili ni pishi moja, kwaiyo pishi ni vibaba vinne. Jamani angalieni hapo. Kibaba, kisaga, pishi: 1, 2, 4. Hiyo ni binari, imekaa kwenye mapipa ya nafaka ya pwani kabla hata umeme haujafika. Ukisema nina pishi moja, kisaga hakuna, kibaba kimoja, umesema 101, na hiyo ni vibaba vitano.

Bibi alivyokuwa anajumlisha, alikuwa haanzi na kile kidogo. Anaanza na kikubwa anakivunja akishuka. Pishi moja, ivunje, visaga viwili, ongeza kisaga kama kipo, hamna, bado viwili. Vivunje vyote, vibaba vinne, ongeza kibaba kilichopo, vitano. Kila hatua ni kitu kile kile, zidisha kwa mbili alichonacho mkononi, ongeza kilichopo kwenye ngazi inayofuata. Hakuna kugawanya popote, na hakuna haja ya kujua kwamba ngazi ya nane juu ni 128, unashuka tu ngazi moja moja.

Na hivyo ndo ile njia inavyofanya. Chukua 165, binari yake ni 10100101. Soma kutoka kushoto kwa mtindo wa bibi: 1, afu 2, afu 5, afu 10, afu 20, afu 41, afu 82, afu 165. Kila namba ni ile ya nyuma mara mbili kujumlisha biti iliyoingia. Na kwenye saketi kuzidisha kwa mbili ni bure kabisa, unasogeza tu waya nafasi moja kushoto, na biti mpya inaingia pale palipobaki wazi kulia. Kushifti kumoja kumefanya yote mawili.

Tatizo linabaki moja tu, sisi tunataka hiyo kuzidisha ifanyike huku mkononi tumeshika tarakimu za kawaida, 0 mpaka 9, na sio binari. Tarakimu yetu imekaa kwenye biti nne. Biti nne zenyewe kwa asili yake zinafurika zikifika 16, hapo ndo zinatupa moja kwenda kwa jirani wa kushoto. Sisi tunataka zifurike zikifika 10, kama tulivyofundishwa darasa la pili, 8 mara 2 ni 16, andika 6 beba 1. Tofauti ya 16 na 10 ni 6. Kwaiyo kila mara tarakimu ikivuka 9 inabidi uisukume kwa 6 zaidi ili ifurike mapema. Sasa, ukiisukuma kabla ya kuzidisha kwa mbili, huhitaji 6, unahitaji nusu yake, maana kuzidisha kutaifanya maradufu yenyewe. Nusu ya 6 ni 3. Na tarakimu ipi ikizidishwa kwa mbili itavuka 9? Kuanzia 5. Ndo hiyo hadithi yote, 3 na 5 zimetoka hapo, na ilinichukua miaka kuijua kwa sababu tu hakuna aliyekaa akaisema kwa sauti.

Tuipitishe 165 tuone. Inaingia 1, inakuwa 1. Inaingia 0, inakuwa 2. Inaingia 1, inakuwa 5. Kabla ya hatua inayofuata, ile 5 imefika mpaka, ongeza 3 inakuwa 8, yaani 1000. Shifti, ile moja inaruka kwenda kwenye makumi, mamoja yanabaki 0000, tuna 1 na 0, kumi imezaliwa. Shifti tena 2 na 0. Inaingia 1, tuna 4 na 1. Inaingia 0, tuna 8 na 2. Sasa ile 8 imevuka, ongeza 3 inakuwa 11, yaani 1011, ile 2 iache. Shifti na biti ya mwisho ambayo ni 1: kutoka kwenye makumi moja inaruka kwenda mamia, makumi yanabaki 0110 ambayo ni 6, mamoja ile 2 imekuwa 4 na imeongezewa 1, ni 5. Moja, sita, tano. Nilivyoifanya hivi kwa penseli mara ya kwanza huku najua kwa nini kila hatua ipo, nilifurahi sana, nilirudia na namba nyingine sita.

Kuna swali zuri mtu anaweza kuuliza, kwa nini usisubiri ushifti kwanza ndo uongeze 6? Inawezekana, ila ukisubiri, 8 na 9 zikizidishwa zinakuwa 16 na 18, zimeshamwagika nje ya biti nne, kwaiyo inabidi uangalie tarakimu na pia uangalie kilichoruka. Ukikagua kabla, tarakimu iko kati ya 0 na 9 siku zote, biti nne tu zinakuambia kila kitu. Na hapa pana kitu kitamu kwa anayetumia FPGA kama yangu: kila seli ya mantiki ya iCE40 ina mlango wa biti nne, inatoa jibu la biti moja. Kikaguzi cha tarakimu kinaingiza biti nne kinatoa biti nne, kwaiyo ni seli nne kamili, hamna kinachobaki hamna kinachopungua. Tarakimu yangu ya makumi elfu haiwezi kufika 5 hivyo haihitaji kikaguzi, zinabaki nne, seli 16. Ukiweka na rejista za kushifti (sehemu za kutunzia biti) na kihesabio cha hatua bado uko chini ya 60. Kutoka kujaza chipu nzima ikashindikana, mpaka kona ndogo namna hiyo.

Na kasi? Biti 15 ni hatua 15 za kloku, yaani mapigo yanayoiendesha saketi. Kloku yangu ni ya 12 MHz, kwaiyo hesabu yote inaisha ndani ya maikrosekunde 1.25. Sensa inaleta kipimo kila milisekunde 100. Saketi ingeweza kurudia kugeuza ile namba mara 80,000 kabla kipimo kinachofuata hakijafika. Nasema hivi kwa sababu naona vijana wengi wakipata FPGA wanataka kila kitu kifanyike kwa mpigo mmoja wa kloku, wakati anayesoma ni binadamu anayefungasha unga. Hatua kwa hatua inatosha.

Sasa turudi stooni. Taa zimeandika 8 kwenye jiwe la 5, 9 kwenye kilo 6, na pamezimika kwenye kilo 7. Ningekuwa nimeelewa ile 3 tangu chuo, ningejua palepale nimesimama. Angalia: 5 imekuwa 8, imezidi kwa 3. 6 imekuwa 9, imezidi kwa 3. 7 ingekuwa 10, na 4511 ikipewa kitu zaidi ya 9 inazima taa. Na 0, 1, 2, 3, 4 haziguswi. Yaani kuna mahali nilikuwa naongeza 3 mara moja zaidi ya inavyotakiwa, mwishoni. Na ndivyo ilivyokuwa, kwenye saketi yangu nilipanga kila hatua ishifti kwanza ndo ikague. Katikati hiyo haina madhara, maana kukagua baada ya hatua hii ni sawa na kukagua kabla ya hatua ijayo. Ila baada ya hatua ya 15 hakuna ijayo. Namba imeshakamilika, na mi bado naikagua, nazitia 3 tarakimu ambazo zilikuwa sahihi.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba dalili nilizipata mapema. Ile wiki mezani, tarakimu ya mwisho ya gramu ilikuwa inazimika-zimika. 01002, 01003, afu 0100 na nafasi tupu. Nikaamua ni waya umelegea. Nikaifungua bodi, nikayeyusha upya risasi kwenye pini zote za ile 4511 ya mwisho, nikabadilisha na chipu nyingine. Kumbe kila gramu ilipogusa 7, 8 au 9 taa inazima, na ikigusa 5 au 6 inadanganya bila kuzima, na hiyo ya kudanganya ndo mbaya zaidi kwa sababu gramu 1005 ikisomeka 1008 hakuna atakayeshtuka. Mawe niliyojaribu nayo, 1 na 2, yote yalikuwa upande salama. Fikiria ingekuwa inatumika, pakiti ya kilo 5 inasomeka 8, anayelipa ni nani?

Kuna njia nyingine na sitaki mtu adhani hii ndo pekee. Kama una biti 8 tu, weka jedwali, majibu 256 ya biti 10 kila moja, unauliza linajibu, safi kabisa. Kwa biti 15 hilo jedwali linafika biti 589,824, na kumbukumbu yote ya chipu yangu ni 65,536, mara tisa pungufu. Kama una prosesa yenye kuzidisha, usigawanye kwa 10, zidisha kwa 205 afu shifti kulia mara 11, maana 205 kwa 2,048 inakaribia sana moja ya kumi, na kwa namba za biti 8 jibu halikosei hata moja. 165 mara 205 ni 33,825, ukiitupa biti 11 unabaki na 16, makumi 16, na baki ni 5.

Na kuna wakati hutakiwi kugeuza kabisa. Kama kazi yako ni kuhesabu tu, mfano chupa zinazopita kwenye mkanda, hesabu kwa makumi tangu mwanzo kwa chipu kama 7490, yenyewe inaenda 0 hadi 9 inarudi 0 na kumgusa jirani. ENIAC, kompyuta ile iliyotangazwa Marekani mwaka 1946, ilikuwa inahesabu hivyo, makumi kwa makumi, kila akiumuleta (sehemu ya kutunza na kujumlisha namba) na tarakimu 10, kwaiyo haikuwa na mto wa kuvuka. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971, ambayo ilianza kama chipu ya kalkuleta ya Kijapani, ilikuwa na amri yake maalumu ya kurekebisha jumla irudi kwenye tarakimu za makumi, na ile ile 6 ndo inayotumika humo. Hata chipu ya saa ya DS1307 inayopatikana kila duka la vifaa inatunza muda kwa tarakimu za biti nne-nne, ndo maana mtu akiisoma kama binari ya kawaida, dakika ya 59 inamletea 89, yaani 5 mara 16 jumlisha 9. Nimeshaletewa saa ya ukutani yenye ugonjwa huo, mwenyewe alidhani betri.

Mizani mi nilibaki na binari kwa sababu kabla ya kuonyesha lazima utoe uzito wa sahani na uzidishe kwa kipimo cha sensa, na hizo kwa binari ni rahisi sana.

Kurekebisha kulichukua dakika chache, kukagua kwanza ndo kushifti, mistari miwili imebadilishana nafasi. Kilichochukua jioni nzima ni kujaribu. Safari hii nilipitisha namba zote kwenye simulesheni, yaani saketi ikiigizwa ndani ya kompyuta, kuanzia 0 mpaka 32,767, kila moja inageuzwa afu inalinganishwa na jibu la kompyuta, na sikulala mpaka zote zimelingana. Nikaondoa na ile sifuri ya mbele, na hapo napo pana adabu yake, unaanza kushoto unazima sifuri mpaka ukutane na tarakimu ya kwanza isiyo sifuri, ukishaipata huzimi tena, la sivyo 5003 inakuwa 5, mapengo mawili, na 3. Na ile ya kilo unaiacha hata kama ni sifuri, ili nusu kilo isomeke 0.500.

Jumamosi nikarudi Tandika. Mjomba hakunisikiliza maelezo, aliyapanga mawe yake mwenyewe. Aliweka la 5, ikasoma 5.002. La 5 na la 1, 6.002. La 5 na la 2, 7.003. Yote matatu, 8.004. Afu akasimama, akahesabu kwa vidole, akamtuma kijana kwa jirani akaazime jiwe la kilo 1 lingine, tuione na 9.